Likelemba ya dawa: watu wanne, kila wiki kumi na mbili

Mama anayeuza sombe soko la Kenya, hapa Lubumbashi, hahitaji kuelezwa likelemba ni nini. Watu kumi wanatoa kiasi kile kile, mmoja anabeba fungu lote wiki hii, mwingine wiki ijayo, na anayekula mapema kisha akajificha, nyumba yake inajulikana. Hapa tunaizungumzia likelemba ya namna nyingine, ya watu wanaoishi na virusi vya SIDA. Hawa wanachangiana miguu. Mmoja anakwenda kituo cha afya kwa niaba ya wenzake, anarudi na chupa za wote, na safari inayofuata ni zamu ya mwingine.

Mpango huu ulishajaribiwa zamani. Mwaka 2008, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, shirika la Médecins Sans Frontières na idara ya afya ya mkoa walianza kuwapanga wagonjwa katika vikundi vya watu sita, kila mwezi mmoja wao akiwachukulia dawa wenzake. Kwetu Kongo, mwaka 2010, Kinshasa ilifungua PODI, yaani vituo vidogo vya kugawia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, mtaani, vinavyoendeshwa na watu wenye virusi wenyewe: unaingia, unapimwa uzito, unaulizwa maswali machache, unapewa dawa, unaondoka. Huku kwetu, kwa miaka mingi, mkoa wa Haut-Katanga ulisimama juu ya fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na SIDA, PEPFAR, pamoja na Lualaba na Kinshasa. Fedha hizo zilipositishwa Januari 2025, kila mtu aliona kwamba kazi inayolipwa na mfadhili mmoja inaweza kusimama kwa barua moja. Watu wanne wanaojilipia nauli ya bisi hawasimamishwi kwa barua.

Na tuseme wazi kwa nini kikundi kinahitajika. Wengi wanaokatika dawa hawakuikataa. Walikatika njiani: nauli ya kutoka Rwashi, asubuhi nzima kwenye benchi, jirani anayepita akauliza "na wewe hapa unafuata nini?", bosi asiyetoa ruhusa, au mtu yuko kwenye shimo la madini Kolwezi wakati fishi yake, yaani karatasi yake ya matibabu, iko Katuba.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibika kabla ya kuanza.

Watu sita wa Tete walikuwa na maana kwa sababu dawa ilitolewa ya mwezi mmoja. Safari kumi na mbili kwa mwaka, watu sita, kila mmoja anakwenda mara mbili, na siku anayokwenda ndiyo siku yake ya kuonwa na muuguzi na kutoa damu. Siku hizi mtu aliyetulia kwenye dawa anapewa ya miezi mitatu, na pengine sita. Ukiwa na safari nne kwa mwaka na watu sita, kuna wawili ambao mwaka utaisha hawajakanyaga kituo. Damu ya kupima wingi wa virusi inatakiwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hao wawili wamepotea huku wanameza dawa. Kwa chupa za miezi mitatu, kikundi kiwe cha watu wanne. Kama kituo kinatoa ya miezi sita, likelemba haina kazi kubwa tena ya kubeba chupa. Kila mtu aende mwenyewe, na kikundi kibaki cha kukumbushana.

Halafu neno "miezi mitatu" lenyewe lina mtego. Chupa kubwa ina vidonge 90. Julai, Agosti na Septemba zina siku 92. Anayerudi "baada ya miezi mitatu" kwa kalenda anakaa siku mbili bila dawa, na akikuta foleni au sikukuu, siku mbili zinakuwa tano. Ombeni tarehe za kila wiki 12. Wiki 12 ni siku 84, kwa hiyo kila safari mtu anabaki na vidonge sita. Baada ya safari nne ana vidonge 24, akiba ya wiki tatu na zaidi, na hiyo akiba ndiyo itakayomwokoa siku stoo ya kituo itakapokuwa tupu. Chupa ya zamani iishe kwanza ndipo mpya ifunguliwe, na kati ya chupa mbili zilizofungwa, anzeni na ile yenye tarehe ya karibu ya kwisha muda.

Si kila mtu abebewe dawa. Wanaofaa ni wale walio kwenye dawa kwa miezi sita au zaidi, wasio na ugonjwa mwingine wakati huo, wanaojua dawa yao inavyonywewa, na ambao kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha dawa inafanya kazi. Mama mjamzito au anayenyonyesha, anayetibiwa kifua kikuu, aliyeanza juzi, na ambaye virusi vyake vimepanda, hao wawe kwenye kikundi kwa ajili ya kusindikizwa, ila kituoni waende wenyewe. Mtoto pia. Kipimo cha dawa ya mtoto kinafuata kilo zake, na mtoto wa miaka miwili anaweza kuhama daraja la kilo kati ya safari mbili. Chupa aliyoletewa na jirani itakuwa ya mtoto wa jana.

Kikutano cha kabla ya safari kinachukua nusu saa. Kifanyike wiki moja kabla, nyumbani kwa mtu ambaye wageni kwake si habari. Kila mmoja anakuja na chupa yake, na vidonge vinahesabiwa juu ya kitambaa safi. Mfano: mwenye kunywa jioni alifungua chupa ya 90 tarehe 1 Juni. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti amekunywa mara 77: thelathini za Juni, thelathini na moja za Julai, kumi na sita za Agosti. Vinatakiwa vibaki 13. Vikibaki 24, jioni kumi na moja zimepotea, na hapo hakuna haja ya mahubiri. Ulizeni zilipotelea wapi: ni safari? Ni mgeni aliyelala chumba kile kile? Ni zamu ya usiku? Dawa ya kila sababu ni tofauti. Vikibaki vitatu tu, swali ni jingine: kuna mtu mwingine anakunywa kutoka chupa hii? Mara nyingi ni mume ambaye hataki kupimwa, akaona ni heri anywe cha mkewe. Hapo wote wawili wanaharibikiwa: mke anaishiwa mapema, na mume anakunywa dawa bila kujua kama anayo virusi wala kama ini lake lina hepatitisi B. Mleteni apimwe.

Baada ya kuhesabu, maswali manne ya kifua kikuu kwa kila mtu: unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku hadi nguo zinalowa? Umepungua uzito? Jibu la "ndiyo" kwa moja tu linatosha: huyo ndiye anayekwenda na mbebaji wa zamu, hata kama siku yake haijafika. Kwa mji ambao wanaume wengi wanashinda kwenye vumbi la machimbo, msiyaruke maswali haya hata siku mmoja ana haraka.

Anayekwenda anabeba fishi za wote na karatasi ya hesabu. Dirishani afungue macho. Kwa mtu mzima, dawa inayotolewa sana leo ni TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Asome jina kwenye kila chupa, aangalie karatasi ya muhuri chini ya kifuniko haijachanwa, aangalie mwezi na mwaka wa kwisha muda. Kosa tulilolizoea ni chupa tatu za 30 kuhesabiwa kama chupa tatu za 90. Ukishatoka getini, kurudi kudai ni vigumu.

Sasa chupa yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowatoa watu siri. Inalia. Ukiitikisa kwenye mkoba ndani ya bisi, inalia kama kayamba, na kila mtu anajua. Kwa hiyo watu wanamwaga vidonge kwenye kifuko cha plastiki, au kwenye karatasi, wanatupa chupa. Ndani ya chupa mna kile kifuko kidogo au kidude kilichoandikwa usile. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Vidonge vikikaa nje ya chupa msimu wa mvua vinalegea na kubadilika rangi, na kidonge cha namna hiyo huwezi kukitegemea. Namna ya kunyamazisha chupa ni kuivisha soksi nene, kisha kuisokota ndani ya kitenge. Karatasi ya nje ikiwa ndiyo inayokutisha, ilowekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu, uibandue, kisha andika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki alama yako, tarehe ya kwisha muda na herufi za dawa. Chupa isiyo na alama yoyote ni hatari kwa nyumba yenye watoto na vidonge vya malaria. Anayetoka kwa siku chache achukue vya siku hizo na viwili vya akiba katika kichupa kikavu chenye kifuniko cha kuzungusha. Joto lisizidi nyuzi 30: si juu ya kabati chini ya mabati, hasa Oktoba, wala karibu na mbabula. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku, panafaa.

Kuhusu kunywa, uongo unaoua watu wengi mtaani ni huu: "dawa hii ni kali, huwezi kuinywa bila kula." TLD inanywewa na chakula au bila chakula. Nyumba ambayo bukari inapikwa mara moja kwa siku, na siku nyingine haipikwi, imani hiyo inamfanya mtu aruke dawa siku ile ile mwili wake umechoka. Kichefuchefu cha wiki za kwanza kipo, na kwa wengi kinapita. Anayekosa usingizi aihamishie asubuhi.

Uongo wa pili ni wa pombe. "Leo nimekunywa Simba mbili, basi dawa nitaacha hadi kesho." Hapana. Kunywa kidonge chako. Pombe haigeuzi TLD kuwa sumu. Ubaya wa pombe, na zaidi lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ni kwamba inakusahaulisha, inakulaza nje, inakufanya usivae kondomu, na inachosha ini. Anayejua ataanza kunywa saa kumi na mbili ya jioni ahamishie dawa saa moja ya asubuhi, kabla ya dunia kuanza. Ni afadhali mlevi asiyekosa kidonge kuliko mlevi anayeambiwa achague kimoja, maana tunajua atachagua kipi.

Ukisahau, kunywa mara utakapokumbuka. Kama zimebaki chini ya saa nne kufika saa yako ya kawaida, acha, kunywa cha saa hiyo. Usinywe viwili kufidia.

Vitu viwili vinaishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini. Cha kwanza ni dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, zile nyeupe za kutafuna au za chupa ambazo kila duka la dawa linauza bila kuuliza. Kunywa TLD saa mbili kabla yake, au saa sita baadaye. Cha pili ni madini ya chuma na kalisi, ambayo mama mjamzito anapewa kliniki. Hivi vinaweza kunywewa pamoja na TLD kama anakula wakati huo huo. Kama tumbo ni tupu, kanuni ni ile ile ya saa mbili na saa sita. Kuna akina mama ambao virusi vinapanda wakati wa mimba, wanalaumiwa kwamba hawanywi dawa, kumbe wanakunywa vyote kwa mkupuo mmoja, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chakula. Na anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin amwambie muuguzi siku ile ile: dolutegravir inaongezwa, miligramu 50 nyingine baada ya saa 12. Mwenye sukari anayetumia metformin naye aseme, kwa sababu isizidi miligramu 1000 kwa siku.

Kipimo cha wingi wa virusi kinafanywa miezi sita baada ya kuanza, kisha mwezi wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Shirika la Afya Duniani lilisema bila kuuma maneno mwaka 2023: mtu anayekunywa dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hatari ni sifuri. Vikionekana lakini havizidi 1000 kwa mililita, hatari ni ndogo mno au karibu hakuna. Vikizidi 1000, mtu anasaidiwa kwanza kunywa vizuri, na kipimo kinarudiwa baada ya miezi mitatu. Asikimbilie kubadilisha dawa kwa kununua barabarani. Kunyonyesha ni suala tofauti, hapo hatari inapungua sana lakini hatusemi sifuri, ndiyo maana mtoto anapewa kinga na kupimwa wiki ya sita hata kama mama hana virusi vinavyoonekana.

"Havionekani" si "vimekwisha". Hapa kuna mtego ambao vyumba vya maombi vimeingia, vingine kwa nia njema. Mtu ameombewa, ananunuliwa kipimo cha kujipima cha mate, anasugua ufizi, anasubiri dakika 20, unatokea mstari mmoja: amepona! Kipimo kile kinatafuta kinga za mwili dhidi ya virusi, na kwa mtu aliye kwenye ARV kinga hizo zinaweza kupungua hadi kipimo kisizione. Ndiyo maana karatasi ya maelezo inasema kisitumiwe na mtu aliye kwenye dawa. Akiacha dawa kwa mstari ule, virusi vinarudi ndani ya wiki chache, na kama alikuwa na hepatitisi B bila kujua, ini linaweza kuwaka ghafla, kwa sababu tenofovir na lamivudine ndizo zilizokuwa zinaizuia. Sala haigombani na kidonge. Anayetaka kushuhudia ashuhudie akiwa na karatasi ya wingi wa virusi mkononi na chupa mfukoni.

Kwa asiyejua hali yake, kipimo hicho hicho ni kizuri, kikitumiwa sawa. Usile wala kunywa dakika 15 kabla. Pitisha kipangusio mara moja tu ufizi wa juu, mara moja wa chini, si ulimi wala shavu. Kitumbukize kwenye kichupa, kisimame wima juu ya meza tulivu. Soma kati ya dakika 20 na 40. Ukisoma dakika ya tano unajidanganya, ukisoma kesho asubuhi vilevile. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu kama uzi wa buibui, uchukue kama ishara na uende kituoni, ambako majibu hayathibitishwi kwa kipimo kimoja. Mstari mmoja baada ya tukio la wiki iliyopita haukuambii kitu bado; rudia baada ya miezi mitatu.

Stoo tupu itatokea. Kituo kitatoa vidonge 15 badala ya 90. Mbebaji akubali hivyo 15, aandikiwe tarehe ya kurudi, na jioni ile ile kikundi kikae. Kukata kidonge nusu ili kidumu ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu dawa kidogo kidogo ndiyo shule ya virusi sugu. Mwenye akiba anaweza kumkopesha mwenzake ikiwa wote wawili wako kwenye TLD ile ile. Iandikwe, na muuguzi aambiwe. Anayesafiri kwenda Kasumbalesa, Likasi au Kolwezi aombe barua ya uhamisho wa muda kabla ya kuondoka, yenye jina la dawa, tarehe aliyoanza na matokeo ya mwisho. Akifika bila barua bado asikae nyumbani: aende na chupa tupu, chupa inasema mengi.

Na aliyekatika akarudi? Apokewe kama mtu aliyetoka safari. Asilipishwe faini. Likelemba ya pesa ina faini, hii isiwe nayo, kwa kuwa faini inamfanya mtu aone ni rahisi zaidi kutorudi. Ila asiishie kupewa chupa tu. Aliyekaa miezi bila dawa aombe kipimo cha CD4, yaani hesabu ya askari wa mwili kwenye damu, maana chini ya 200 kuna magonjwa yanayotafutwa makusudi: kifua kikuu, na ile aina ya kuvu iitwayo cryptococcus inayoingia kwenye ubongo. Kichwa kinachouma siku nyingi bila kusikia dawa ya maumivu, shingo ngumu, macho kuona viwili viwili, kuchanganyikiwa: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje zamu.

Watu wanaoishi karibu na wanakikundi wasisahauliwe. Mwenzi asiye na virusi anaweza kutumia PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya kukutana na virusi, wakati wanasubiri kipimo cha mwenzake kishuke. Mwanamke anahitaji siku saba za kunywa kila siku ndipo ategemee kinga, na aendelee siku saba baada ya mara ya mwisho ya hatari. Aliyebakwa, au kondomu imepasuka, ana saa 72 za kuanza kinga ya dharura, na saa ya kwanza ni bora kuliko ya sabini: dozi ya kwanza mara moja, kisha siku 28 bila kuruka. Asitumwe kwanza kwa chifu wa mtaa wala polisi kutafuta karatasi. Dawa kwanza. Kwa aliyebakwa, dawa ya kuzuia mimba nayo inafanya kazi hadi saa 120.

Kondomu zinazopasuka njia ya Kasumbalesa mara nyingi zimepikwa na jua kwenye dashibodi ya lori, au zimepakwa mafuta. Mawese, vaselini, losheni, yote yanaila mpira kwa dakika chache. Tumieni vilainishi vya maji; mate ni bora kuliko mafuta ingawa yanakauka upesi. Bonyeza pakiti kabla ya kuchana: kama haina hewa ndani, imetoboka. Kuvaa mbili ni kuzikwangua zenyewe kwa zenyewe. Ile ya kike ya nitrili haiharibiwi na mafuta, na mwanamke anaweza kuivaa mapema kabla mteja hajalewa. Kuhusu wembe wa chale, sindano na mashine ya kinyozi, neno ni fupi: kila mtu na wake, na sindano iliyotumika isirudi.

Daftari la kikundi lisiwe na jina hata moja. Herufi mbili na namba, tarehe, idadi ya vidonge. Jalada liandikwe "likelemba", na si uongo. Kwenye WhatsApp msiandike dawa, kituo wala kipimo. Simu za Lubumbashi zinashikwa na watoto, wake, waume na mafundi. "Unga umefika" inatosha. Picha ya chupa isipigwe kamwe. Anayetaka kumwambia mwenzi wake amwambie kwa saa yake. Anayeogopa kupigwa asisukumwe, kuna njia ya muuguzi kumwita mwenzi bila kumtaja aliyemtoa. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wenye virusi dhidi ya ubaguzi, na mwajiri hana haki ya kudai kipimo ili akupe kazi. Wengi wanaofukuzwa hawaijui. Nakala yake ikae ndani ya daftari.

Safari ya Desemba ipangwe kabla ya tarehe 15. Baada ya hapo wauguzi wanaanza likizo, bisi zinapandisha nauli, mvua inakata barabara za Katuba, na nusu ya kikundi iko kijijini kwa sikukuu. Kama wiki ya 12 inaangukia Krismasi, ombeni tarehe ya wiki ya 10. Vidonge mtakavyobaki navyo siku hiyo ni 20 kwa kila mtu, visirudishwe, ni akiba yenu ya Januari.